Maswali na Majibu: Droni, Vifurushi na Nani Anapokea

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu droni za mizigo na mashine nyingine zinazoingia huku Kusini, Lindi na Mtwara. Yale ya "droni ya kubeba mzigo bei gani" nimeyaweka kando. Taja unabeba nini, kilo ngapi, kutoka wapi hadi wapi, na nani atakuwa upande wa pili. Hapo ndipo utakuwa umeuliza.

SWALI: Fundi, nina droni ya kamera. Nikiifunga kamba inanyanyua nusu kilo bila shida. Naweza kuanza kupeleka vifurushi hapa mjini? (Kijana, Chikongola, Mtwara)

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Swali hili limeshajibiwa mara nyingi, na linarudi kwa sababu watu hununua kwanza halafu ndiyo wanauliza. Droni inasajiliwa TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kibali cha kurusha kinatoka huko huko, na idhini ya Wizara ya Ulinzi inatakiwa pia. Hilo linamhusu hata mpiga picha za harusi. Kubeba mzigo kwa malipo, tena kuipeleka droni mpaka isionekane kwa macho, ni jambo zito zaidi na ruhusa yake haitolewi kirahisi. Mtwara mjini kuna uwanja wa ndege, kuna bandari, na mpaka wa Msumbiji hauko mbali. Kitaya, kijiji cha mpakani, kilishambuliwa Oktoba 2020. Askari akiona kitu kinaruka bila taarifa, hana sababu ya kudhani ni kifurushi cha simu.

Halafu hiyo kamba. Mzigo unaoning'inia hupembea. Kompyuta ya droni inauona mpembeo ule kama upepo na kujaribu kuusahihisha, na kila sahihisho linaweza kuuzidisha mpembeo. Mota zinachemka, betri inaisha kabla ya saa yake, na propela moja ikiwa na ufa usioonekana inakatikia hapo. Droni za mizigo zinazoteremsha kwa kamba zina mashine ya kukunja na kukunjua kamba, sensa ya kujua mzigo umegusa chini, na ndoano inayojiachia yenyewe. Yako haina hata kimoja. Ifungue kamba leo.

SWALI: Ndege nyuki itabeba gunia la korosho kutoka shambani hadi ghalani? (Mkulima, Nanyumbu)

JIBU: Gunia lina kilo 80, droni nyingi za vifurushi hazizidi kilo 4 au 5, endelea na guta au pikipiki.

SWALI: Mimi nauza spea Lindi mjini. Nikipungukiwa kitu inabidi nisubiri basi la kutoka Mtwara. Kwa nini hatuletewi droni za kufanya safari hiyo? (Mama wa duka, Lindi)

JIBU: Mama, angani Lindi na Mtwara hazizidi sana kilomita 60, wakati kwa barabara ni zaidi ya 100. Umbali huo umeshathibitishwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2018 DHL, GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani) na kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani walirusha droni kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi, na dawa zikafika. Droni ile ilibeba hadi kilo 4. Lilikuwa jaribio la miezi sita, na lilipoisha likaisha.

Kuruka kunawezekana. Kinachokwamisha ni hesabu. Basi linapita hata usipokuwa na mzigo, kwa hiyo pakiti yako ya beringi inalipa sehemu ndogo tu ya mafuta. Droni inabeba mzigo wako peke yake, na juu yake kuna mtu wa kuifuatilia kwenye skrini, fundi, bima, betri zinazochakaa na ada za vibali. Ndiyo maana huduma zilizodumu Afrika zimeshika damu, chanjo na dawa, vitu vyepesi ambavyo kuchelewa kwake kunaua. Pete za pistoni zinaweza kusubiri basi la saa nane.

Kuna siku moja hesabu hii inageuka: barabara ikikatika. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliharibu barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na magari ya mizigo ya kuja Kusini yakakwama. Wanaopanga bajeti za mikoa hii wangeanzia hapo: droni chache za dawa zilizokaa tayari kwa msimu wa mvua, vibali vyake vimekwisha kuombwa, viwanja vya kutulia vimekwisha kuchaguliwa. Vibali vikianza kuombwa siku daraja linapoanguka, vitatoka daraja limeshajengwa.

SWALI: Tunasikia siku moja damu na chanjo zitaletwa na droni kama Rwanda. Sisi wa zahanati tujiandae vipi? (Muuguzi, Tandahimba)

JIBU: Dada, nakushukuru, maana hili ndilo swali ambalo wauzaji wa droni hawapendi kuulizwa.

Kwanza ujue inavyokwenda. Rwanda ilianza Oktoba 2016, kituo cha kwanza kikiwa Muhanga, na kampuni ya Zipline. Droni yao ina mbawa kama ndege, inarushwa kwa mtambo mfano wa manati, inakwenda karibu kilomita 100 kwa saa na kubeba kilo 1.75 hivi. Haitui hospitalini. Inapita juu, inaangusha boksi lenye parachuti kwenye eneo la ukubwa wa maegesho ya magari mawili, kisha inarudi kituoni na kunaswa mkia kwa waya. Mpokeaji anapata ujumbe wa simu kwamba mzigo unakaribia, atoke nje.

Nani anatoka nje? Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja na mama yuko kitandani anajifungua, boksi litakaa juani. Wekeni majina mawili kila zamu, na mmoja anaweza kuwa mlinzi aliyefundishwa. Simu iwe na chaji. Eneo la kuangushia liwe mbali na minazi, mikorosho na nyaya za TANESCO, lifagiliwe, lizungushiwe uzio wa kuzuia mbuzi na watoto. Watoto watakimbilia parachuti, hilo halina shaka.

Baridi ikizidi nayo inaharibu mali. Chanjo zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Watu wanaogopa joto wakasahau kwamba chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya pamoja ya watoto zinaharibika zikiganda, na haziponi zikiyeyuka. Kwa hiyo pakiti za barafu hazitoki kwenye friza zikaingia moja kwa moja kwenye boksi. Ziweke mezani, subiri, itikise moja karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani na barafu inagonga, ndiyo iko tayari. Damu inahifadhiwa nyuzi 2 hadi 6, na barafu isiguse mfuko, weka kitambaa au kadibodi katikati, la sivyo chembe nyekundu zinapasuka. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni kinyume kabisa: nyuzi 20 hadi 24, barafu marufuku. Piga na hesabu ya uzito. Uniti moja ya damu ya mililita 450, pamoja na dawa ya kuzuia kuganda na mfuko wake, inapita nusu kilo. Ukiongeza vibaridi, kilo 1.75 ni uniti mbili kwa starehe.

Jambo ambalo halitajwi kwenye sherehe za uzinduzi ni kwamba droni inayoangusha kwa parachuti haichukui kitu cha kurudi nacho. Makohozi na damu za vipimo zitaendelea kusafiri kwa pikipiki. Mkiulizwa maoni, ombeni aina inayotua na kupaa tena wima kama ile ya Ukerewe, ili sampuli zirudi nayo. Sampuli nazo zifungwe tabaka tatu: chupa iliyobanwa kizibo, mfuko usiovuja wenye pamba ya kunyonya, halafu boksi gumu. Fomu ya maabara ikae nje ya ule mfuko, maana chupa ikivuja jina la mgonjwa ndilo la kwanza kufutika.

Na friji lenu likoje? Kama kipimajoto hakisomwi asubuhi na jioni na kuandikwa, droni itakuwa inaleta chanjo nzima ije kuharibikia ndani.

SWALI: Droni ya kupima ramani inakwenda vizuri, ila kurudi betri inalia kila mara. Ni betri mbovu? (Mpima ardhi, Kilwa Masoko)

JIBU: Inawezekana, lakini mtuhumiwa wangu ni kusi, upepo utokao kusini. Tuchukue umbali wa kilomita 10 ili hesabu ionekane. Droni yako ina mwendo wa mita 15 kwa sekunde, upepo mita 8. Ukielekea upande wa Songo Songo, yaani kaskazini, wakati wa kusi, upepo unakusukuma: 15 na 8 ni 23, unafika kwa dakika 7 na kidogo. Ukigeuka, 15 toa 8 inabaki 7, na kilomita zile zile zinakula karibu dakika 24. Jumla dakika 31. Siku tulivu ingekuwa 22. Wengi wanadhani upepo wa kwenda na wa kurudi vinafutana. Havifutani, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga.

Anza kazi kwa kwenda dhidi ya upepo, ili kurudi kuwe kwepesi betri inapopungua. Juni hadi Agosti panga mistari ya picha ianzie kusini. Kaskazi ikiingia, geuza. Usipime upepo ukiwa umesimama nyuma ya nyumba au mikoko. Mita 100 juu unavuma zaidi. Tua ikiwa imebaki asilimia 25.

Betri yenyewe ichunguze hivi: baada ya kutua, soma volti za kila seli. Zote zikikaribiana, betri ni nzima. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya volti 0.1 kila safari, hiyo betri iondoe kazini.

SWALI: Naipiga manati droni inayopita juu ya nyumba yangu? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Usithubutu. Ikianguka inaanguka na uzito wake, propela zinazunguka na betri inayoweza kuwaka. Andika saa, rangi na upande ilikotoka, peleka taarifa serikali ya mtaa au polisi.

SWALI: Nimepata postikodi. Mbona wasafirishaji bado wananipigia "uko wapi, uko wapi"? Na droni nayo itanipigia? (Dada, Mikindani)

JIBU: Postikodi ya tarakimu tano, za Mtwara zikianza na 63 na za Lindi na 65, inafika kwenye kata. Kata ni kubwa. Anwani za makazi zilizowekwa mwaka 2022 zinaongeza jina la barabara na namba ya nyumba, na hiyo ndiyo unayotakiwa kuiandika yote. Wengi wana kibao mlangoni na bado wanaelekeza "shuka kwenye mwembe, uliza kwa mama fulani."

Mashine haiulizi kwa mama fulani. Inataka namba mbili za GPS, na makosa yake ni yale yale kila siku. Tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ina alama ya kutoa. Mtwara mjini ni karibu -10.27, 40.18. Ukiiacha ile alama, umemwelekeza mtu Ethiopia. Kosa la pili ni kukata tarakimu. Mbili baada ya nukta zinaweza kukukosesha kwa kilomita nzima. Nne zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, tano ndani ya mita moja. Tuma tano. Kosa la tatu ni kuchukua namba ukiwa ndani, chini ya bati: simu inabahatisha. Toka nje uwanjani, subiri dakika moja au mbili, ndiyo unakili. Zihifadhi kwenye simu, uzitume kwa bodaboda wa leo vile vile.

SWALI: Sisi bodaboda tutakufa njaa droni zikija? (Bodaboda, stendi ya Masasi)

JIBU: Droni haibishi hodi, haipandi ngazi, haipokei pesa mkononi, haimsubiri mteja aliyekwenda sokoni. Katika nchi ambako zinapeleka chakula na vitu vya dukani, kama Marekani na Australia, zinashusha mzigo mwepesi kwenye ua wenye nafasi. Masasi mtaani, nyumba zimebanana, nyaya zimepita juu, na mnunuzi anataka kukagua kabla ya kulipa.

Kilichokupunguzia kazi, kaka, kimeshafika zamani nacho ni simu. Zile safari za kumpeleka mtu kulipa bili au kumpelekea mama yake pesa kijijini zimehamia kwenye miamala. Umeme wa LUKU ni tarakimu 20 zinazoingia kwa ujumbe. Kazi iliyobaki ni ya mizigo, na hapo mteja anakuacha kwa sababu moja: hana ushahidi. Nunua boksi lenye kifuniko na kufuli. Pima mzigo mbele ya mtumaji, hata kwa mizani ya kuning'iniza. Piga picha unapopokea na unapokabidhi. Andika saa, namba ya simu ya mpokeaji na thamani ya mzigo. Huyo ndiye bodaboda ambaye kampuni ya droni itamtafuta, kwa sababu kutoka kwenye kiwanja cha kutulia hadi mlangoni kwa mgonjwa lazima kuwe na mtu.

Onyo ambalo hukuuliza: kuna ujumbe wa simu unaozunguka kwamba "mzigo wako umekwama, lipia kwenye namba hii utolewe." Kama hukuagiza kitu, hakuna mzigo. Kama uliagiza, piga namba iliyo kwenye risiti yako. Usiipigie ile iliyo kwenye ujumbe.

SWALI: Mnada wa korosho sasa uko kwenye kompyuta. Wizi si umekwisha? (Mzee, Newala)

JIBU: Shikamoo mzee. Mnada wa mtandaoni kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, umeweka bei wazi, na ni jambo jema. Lakini kompyuta inauza kile kilichoandikwa pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Ikiandikiwa kilo 74 badala ya 80, itauza 74 kwa uaminifu kabisa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuweka korosho ghalani na kupewa risiti, uanze mwaka 2007, mkulima anaumizwa pale pale: kwenye mizani, kwenye daraja la ubora, na kwenye namba ya akaunti.

Mizani ya kidijitali ikiwa tupu lazima isome sifuri. Angalia kwa macho yako kabla gunia halijapanda. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo kama ni ya mwaka huu. Ombeni mzani ujaribiwe kwa jiwe la kilo 20 mbele ya watu asubuhi, na ujaribiwe tena mchana, kwa sababu betri ikilegea au sakafu ikiwa na mchanga usomaji unaweza kuyumba. Uliza gunia tupu linakatwa kiasi gani. Korosho zikauke vizuri, maana unyevu ukizidi asilimia 10 utashushwa daraja kwa haki. Kisha risiti: kilo, daraja, jina na akaunti, soma tarakimu kwa tarakimu, na kama macho yamechoka mpe mjukuu asome kwa sauti. Kosa la tarakimu moja linarekebishwa siku hiyo hiyo kwa dakika tano. Baada ya malipo kutoka, ni miezi. Na aliyemuuzia kangomba, mnunuzi wa kificho nje ya ushirika, hana risiti wala pa kulalamikia.

SWALI: Droni ya kupulizia inafaa kwa ubwiriunga? (Mkulima, Nachingwea)

JIBU: Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kwa dawa ya maji, inafaa, hasa juu ya mkorosho ambako pampu ya mgongoni haifiki. Kwa salfa ya unga, fanya hesabu kwanza. Gramu 250 kwa mti, mikorosho 69 kwenye hekta iliyopandwa mita 12 kwa 12, ni zaidi ya kilo 17. Droni ya kubeba kilo 10 inamaliza miti 40 na kurudi kujazwa, na kila mzigo unakula karibu betri nzima. Panga betri tatu au nne na jenereta shambani. Unga unaingia kwenye mota na viunganishi, kwa hiyo pulizia kwa upepo wa kompresa na ufute kila jioni. Kazi ianze alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Kiuadudu cha mbu wa mikorosho usikipige nyuki wakiwa kwenye maua. Ndio wanaokutengenezea korosho. Mwambie jirani mwenye kisima siku moja kabla. Dawa na kipimo waulize watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, usimuulize muuza droni.

SWALI: Tulirusha droni kutoka kwenye boti kutafuta samaki. Betri ilipopungua ikarudi yenyewe, ikazama mita mia kadhaa kutoka tulipokuwa. Imeharibika nini? (Mvuvi, Msimbati)

JIBU: Haikuharibika kitu. Droni inakumbuka mahali ilipopaa. Boti lilisogea na mkondo, droni yenyewe ikarudi pale pale palipokuwa nyumbani kwake dakika 20 zilizopita, yaani kwenye maji matupu. Ukirusha kutoka chomboni, weka mpangilio wa kurudi kwenye rimoti badala ya pointi ya kupaa, kama droni yako inao, na uupyaishe kila mnaposogea. Kama hauna, rudisha kwa mkono ikiwa bado nusu ya betri. Nchi kavu, urefu wa kurudi uwe mita 50 au 60, juu ya minazi. Na baada ya kila siku ya baharini futa mwili wa droni kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi inakula beringi za mota kimyakimya.

SWALI: Betri imevimba kama mkate. Naitoboa itoe hewa? (Msomaji, Nanguruwe)

JIBU: Usiitoboe, usiichaji, usiitupe motoni. Iweke kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba, kisha umrudishie aliyekuuzia. Nyingine ambazo hazitumiki wiki nzima zihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli, zisikae zimejaa. Na hiyo iliyovimba uipeleke mwenyewe kwa mkono, usimpe konda aiweke buti la basi.